Ufunguo wa Paa

Jengo letu hapa Nairobi lina ghorofa saba, na ukitaka kujua historia yake tazama nyaya zilizoshuka kando ya ngazi. Za kale zaidi ni za antena, hazina kazi tangu Februari 2015 matangazo ya analogia yalipozimwa jijini, na hakuna aliyejisumbua kuzing'oa. Juu yake zimelala nyaya nene za madishi. Kisha ikaja faiba, kampuni juu ya kampuni.

Kebo za baharini zilifika Mombasa mwaka 2009, tukadhani kazi ngumu ilikuwa kuvuka bahari. Anayeishi kwenye ploti anajua vita viko kwenye mita 20 za mwisho, kutoka paani hadi dirishani kwako.

Kwetu kampuni zilikuwa mbili. Keateka alipata kitu kidogo kwa kila mpangaji aliyejiunga na ya kwanza. Ya pili ikaja na bei nafuu, watu wakahamia. Alhamisi moja asubuhi, ruta zetu tisa zikawaka taa nyekundu kwa pamoja. Kampuni ikasema ni umeme. Keateka akasema ni panya.

Mimi hunukuu rekodi za mahojiano kwa wateja wa ng'ambo, kwa hiyo nilibeba laptopu nikahamia mkahawani. Mama wa ghorofa ya tano hakuwa na pa kuhamia. Binti yake ni mfanyakazi wa nyumbani Saudia, naye huachiwa simu Ijumaa jioni tu, nusu saa.

"Kijana wangu, hebu nitazamie hiki kidude," aliniambia mlangoni, ruta mkononi.

Nikamwashia intaneti ya simu yangu. Ikasuasua. Sura ya binti ikatokea, akainua mkono kupunga, tukaona umefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko. Hapo picha ikaganda, kisha ikakatika. Tulijaribu mpaka nusu saa ikaisha.

Jumamosi tulidai ufunguo wa paa. Keateka akasema umepotea. Mama hakubishana naye; alisimama tu mlangoni pake, mikono nyuma, mpaka ukapatikana.

Fundi wa kampuni ya pili alichomeka kitochi chenye mwanga mwekundu kwenye waya wa chumba cha mama. Mwanga husafiri ndani ya uzi wa kioo mpaka penye jeraha, ukamwagikia hapo. Tuliuona nyuma ya tangi la maji, nukta moja nyekundu, na kando yake nyaya nyingine nane zimekatwa mkato mmoja. Panya huyo alikuwa na kisu.

Wengine walitaka keateka afukuzwe siku hiyo hiyo. Nilikataa, na bado nakataa. Pampu ikiharibika usiku ni yeye anayeamka. Baada ya kelele nyingi, mwenye nyumba akiwa kwenye spika ya simu, tukaafikiana: kila waya uandikwe namba ya nyumba ncha zote mbili, kila kampuni ipite upande wake wa ukuta, na paa lifungwe kwa kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa keateka, mwingine kwa wapangaji. Kampuni ya pili nayo ikaanza kumpa keateka kitu kidogo. Jambo hilo lina jina lake, nalijua. Tangu hapo hakuna waya uliokatwa.

Kuunga kulichelewa. Waya wa shaba ungeusokota kwa vidole ukaufunga kwa tepu. Kioo chembamba karibu kama unywele hutaka mashine inayoyeyusha ncha mbili zishikane, na mashine ilikuwa mtaa mwingine. Ilifika Alhamisi.

Ijumaa, kupitia ukuta, nilisikia mama akiuliza swali moja mara tatu. Yalikuwa mafuta ya kukaangia, binti alisema. Mama aliuliza mara ya nne.

Kesho yake aliomba nimpandishe paani nimwonyeshe waya wake. Namba iliyoandikwa hakuiamini. Akachana ukingo wa leso kuukuu, akaufunga pale. Umepauka sasa, na fundi akitaka kugusa chochote huko juu hushuka kwanza kumwuliza kama yuko kwenye simu.