Je, Michezo ya Video Ni Ghali Mno?

Jambo hili huzusha ubishi mwingi bwenini kwetu, na kwa kuwa wakubwa hudhani ni ubishi wa kitoto, nimeona yafaa nilieleze hapa kwa hesabu. Mchezo mpya wa kampuni kubwa huuzwa Marekani kwa dola 70. Kwa fedha zetu za Uganda ni karibu shilingi 250,000, na hapo muuzaji wa Kampala hajatia faida yake. Likizo ya Agosti mimi na wadogo zangu wawili tulipalilia kahawa ya mjomba upande wa Masaka, na malipo yetu sote watatu hayakufika hapo. Basi mtu akiniuliza kama bei ni kubwa, namwonyesha viganja.

Walakini yapasa kusema kweli yote. Hata zamani michezo hii haikuwa rahisi. Katika miaka ya 1990 mchezo wa Super Nintendo uliuzwa ndani ya kasha lenye vipande vya umeme, na mingine ilifika dola 60 au 70, nazo dola za siku zile zilinunua vitu vingi kuliko za leo. Toka mwaka 2005 hivi bei ya kawaida ya michezo mikubwa ilikaa pale pale kwenye dola 60, hata mwaka 2020 ikaanza kupanda kuwa 70. Mwaka 2025 Nintendo wakauza Mario Kart World kwa dola 80. Wenye kampuni hujitetea kwamba mchezo mmoja hufanywa na mamia ya watu kwa miaka kadha. Ni kweli, lakini wanunuzi nao wameongezeka sana: Grand Theft Auto V, iliyotoka mwaka 2013, imeuzwa nakala zaidi ya milioni 200.

Mimi bei ya dukani hainiudhi sana kama kulipishwa mara ya pili. Katika mchezo wa mpira wa EA, ule ulioitwa FIFA mpaka mwaka 2023 ulipopewa jina la EA Sports FC, mtu aweza kununua vifurushi vya wachezaji bila kujua ndani yake yumo nani. Huenda akapata mshambuliaji hodari, huenda akapata mtu wa benchi. Na wachezaji hao hawahami pamoja naye aununuapo mchezo wa mwaka ujao. Huko Ubelgiji wakuu wa serikali walisema mwaka 2018 kwamba vifurushi vya namna hii ni kamari, na mwaka uliofuata EA wakaacha kuviuza nchini humo. Sisi huku hatuna haja ya kungoja serikali, tusivinunue tu.

Je, mnunuzi ana nguvu gani? Wenzangu wengi husema hana. Mimi nakataa. Novemba 2017 watu walikasirishwa na mchezo wa Star Wars Battlefront II kwa sababu hiyo hiyo ya vifurushi, wakapiga kelele hata EA wakafunga ununuzi wa ndani siku moja kabla ya mchezo kutoka. Mwaka 2025 tena, Microsoft walitangaza kwamba The Outer Worlds 2 itauzwa dola 80. Baada ya wiki kadha za manung'uniko wakairudisha kwenye 70. Mwaka huo huo Hollow Knight: Silksong, kazi ya watu wachache wa Australia, ilitoka kwa dola 20 tu, na wateja walikuwa wengi hata maduka ya mtandaoni yakakwama kwa muda.

Kwa kijana wa huku dawa kubwa ni subira, na ya pili ni diski. Mchezo wa mpira hutoka kila mwaka karibu na Septemba, na wa mwaka uliopita hushuka bei papo hapo, ingawa uwanja ni ule ule na mpira ni ule ule. Diski waweza kuiazima, kubadilishana, au kuiuza ukiichoka. Mchezo uliopakuliwa kwa intaneti huwezi kumwuzia mtu, tena ukubwa wake wapita gigabaiti 40, na kila mtu ajua bei ya data.

Wako wanaosema ni heri kulipa shilingi 500 kwa mechi moja kwenye kibanda cha sokoni. Hesabuni basi: mdogo wangu hucheza mechi nne kwa siku, naye hushindwa tatu. Kwa siku 40 za likizo zamtoka shilingi 80,000, na hana kitu cha kushika mkononi. Kwa bei hiyo hiyo tumekwisha patana na mtu wa Masaka atuuzie diski ya mwaka jana. Mdogo wangu anung'unika kwamba wachezaji waliohama msimu huu wamo katika timu zao za zamani. Nimemwambia mchezo wenyewe waruhusu kuwahamisha, na kazi hiyo ni yake, aianze jioni ya kwanza ya likizo.