Mtoto Aliyelazwa kwa Ubavu wa Kulia

Huko kwenu Kilifi liko pango liitwalo Panga ya Saidi, na humo mlitolewa kaburi la mtoto ambalo habari zake zimetufikia hata sisi Waislamu wachache wa Runyenjes.

Vipande vya kwanza vya mifupa vilionekana mwaka 2013. Mwaka 2017 shimo lenyewe likafunuliwa, yapata mita tatu chini ya sakafu ya pango. Mifupa ilikuwa imeoza kiasi cha kugeuka unga ikiguswa. Hivyo wachimbaji wakaizungushia plasta pamoja na udongo wake, wakalichukua bonge zima hadi Makumbusho ya Taifa, Nairobi, kisha Burgos, Uhispania, likachunguzwe. Mei 2021 ikatangazwa kuwa ni mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, aliyezikwa miaka 78,000 hivi iliyopita. (Wapo watakaoikataa hesabu hiyo, leo sijadiliani nao.)

Lililonigusa mimi si umri. Alilazwa kwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kifuani, na wataalamu wameona dalili kwamba mwili ulifungwa kwa kitu mfano wa sanda na kichwa kikawekewa kitu kama mto. Sisi nasi humlaza maiti wetu kwa ubavu huo. Qabil ilibidi afundishwe na kunguru namna ya kumsitiri nduguye. Waliomzika mdogo huyu walikwisha kujua.

Mama mmoja wa hapa, aliyewahi kumzika mwanawe, aliniuliza kama yafaa kuwapeleka watoto makumbusho wakatazame mifupa ya maiti. Swali zito. Mtume, rehema na amani zimshukie, ameufananisha uvunjaji wa mfupa wa maiti na uvunjaji wa mfupa wa aliye hai. Siwalaumu waliomhamisha, kwani mifupa ile isingedumu ikiachwa wazi. Lakini kuhifadhi si kuanika. Rai yangu ni kwamba mifupa yenyewe ikae imefunikwa chini ya ulinzi wa Makumbusho, na umma uoneshwe nakala tu; wataalamu wamekwisha kuunda kwa kompyuta taswira ya jinsi alivyolazwa, nayo yatosha kufundishia. Wanaoishi kando ya pango waulizwe kabla ya lolote kuamuliwa, maana wao ndio majirani wa kaburi.

Watoto na wapelekwe, ila mama awatangulizie nyumbani adabu za makaburini: sauti chini, wala simu isitolewe kwa mzaha.