Krosova na Deni la Jina: Tafakuri Juu ya Land Rover

Kuzimua ni kutia maji katika kitu kikali ili makali yake yapungue. Sijui neno bora zaidi kwa swali ambalo wanafunzi wangu wawili wa mwaka wa tatu waliniletea baada ya semina ya uchumi wa kisiasa. Mmoja alidai kwamba kampuni iliyojijengea heshima kwa magari ya porini, ikishaanza kutengeneza krosova, yaani yale magari madogo yenye umbo la kifowili na moyo wa saluni, huwa inaizimua chapa yake. Mwenzake akamjibu kwamba heshima hailipi mishahara. Kampuni isiyouza hufa, na jina lake huzikwa pamoja nayo. Niliwaahidi kuwajibu kwa maandishi, kwa kuwa niliona swali lao ni kubwa kuliko magari.

Nimeichagua Land Rover kwa sababu kisa chake kinasomeka tangu mwanzo hadi mwisho, na kwa sababu katika nchi zetu lilikuwa zaidi ya gari. Kwa kizazi cha wazazi wangu, dola ilifika kijijini ikiwa ndani ya Land Rover: bwana shamba, mganga wa wilaya, mkaguzi wa shule, mtoza kodi na, siku mbaya, polisi. Bendera ya mkoloni iliposhushwa gari lilibaki. Kilichobadilishwa ni nembo ya mlangoni. Nchini Kenya ziliunganishwa hata humu humu Afrika Mashariki, katika kiwanda cha Leyland pale Thika. Mtoto wa kijijini aliyesikia mngurumo wake kutoka ng'ambo ya kilima alijua serikali inakuja, na aliweza kukimbilia upande wowote kulingana na habari za nyumbani kwao.

Jambo ambalo mashabiki wa gari hili hupenda kulisahau ni kwamba lilizaliwa kama kipoza njaa. Kampuni ya Rover ya Uingereza ilikuwa ikitengeneza saluni za heshima kwa watu wa tabaka la kati. Baada ya Vita Kuu ya Pili chuma cha pua kilitolewa kwa mgawo, na waliouza bidhaa nje ndio waliopewa kipaumbele. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni hiyo, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, Wales, na shambani alitumia Jeep ya Willys iliyobaki vitani. Alijiuliza atafanya nini itakapochakaa. Jibu lake lilioneshwa Amsterdam mwezi Aprili 1948: gari la bodi ya alumini, kwa kuwa alumini ilipatikana, lenye pembe zilizonyooka kwa sababu mashine za kupindia bati zilikuwa ghali, na lenye uwezo wa kutoa nguvu ya injini kuendeshea mashine za shamba. Lilikusudiwa kuibeba kampuni kwa miaka michache hadi biashara ya saluni itengemae. Kwa hiyo ule unaoitwa ushupavu halisi ulitokana na uhaba, hesabu za mauzo ya nje na mkulima mmoja mwenye wasiwasi wa spea. Napenda wanafunzi wangu walikumbuke hilo kila wanaposikia neno "asili" likitumika katika siasa.

Ngazi ya kupanda juu ilianza mapema. Range Rover ilikuja mwaka 1970, Discovery mwaka 1989. Mwaka 1997, wakati huo kampuni ikiwa mikononi mwa BMW, ikaja Freelander, krosova ya kwanza ya ukoo huu. Haikuwa na chasisi ya peke yake; bodi na sakafu vilikuwa kitu kimoja kama katika saluni. Haikuwa na zile gia za chini za ziada ambazo dereva huziita akiwa kwenye tope au mteremko wa mawe, na badala yake iliwekewa mfumo wa kielektroniki uliotumia breki kulishusha gari taratibu mlimani. Wazee wa chapa walinung'unika. Wanunuzi hawakuwasikiliza, na kwa miaka kadhaa ikawa fowili iliyouzwa kuliko zote barani Ulaya.

Je, ilizimua? Nasema hapana, na sababu yangu ni rahisi. Katika kiwanda kilekile cha Solihull, gari la mraba, ambalo tangu mwaka 1990 liliitwa Defender, liliendelea kutengenezwa. Aliyetaka kulima alipata la kulimia, na aliyetaka kupeleka watoto shule akapata la kupelekea. Hakuna aliyedanganywa. Mtungi ulikuwa bado na kinywaji kikali ndani yake. Kikombe kimoja tu ndicho kilichotiwa maji, na mnywaji aliyaomba mwenyewe.

Upande wa mashtaka utaniambia kwamba Land Rover ilipoteza Afrika kwa sababu ililegea. Hapa kalenda inawakatalia. Land Rover ilipoteza Afrika, na Australia pia, kwa Toyota Land Cruiser katika miaka ya 1970 na 1980, kabla Freelander haijachorwa. Kilichoiangusha ni ekseli zilizokatika, umeme uliosumbua na spea zilizochelewa, wakati Wajapani walifika na gari lisiloharibika mara kwa mara na duka la vipuri katika kila mji wenye soko. Marehemu alikuwa mgonjwa kabla krosova haijaingia wodini. Huku kwetu miradi ya afya, hifadhi na halmashauri ikahamia kwenye ile Land Cruiser tunayoiita mkonga, ya mfululizo wa 70, ulioanza mwaka 1984 na ambao bado unatengenezwa.

Toyota nayo haikukwepa magari madogo. RAV4 ilitoka mwaka 1994, na ukisimama dakika kumi katika barabara yoyote ya Dar es Salaam utahesabu za kutosha. Lakini hawakuipa jina la Land Cruiser. Waliipa jina lake, ikajitafutia riziki yake. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Land Rover ilipotoa Evoque mwaka 2011, gari zuri kwa macho, lililotengenezwa Halewood karibu na Liverpool, iliipa jina la Range Rover. Na muda si mrefu likaja toleo la gari hilo linalovutwa na magurudumu mawili ya mbele tu. Ni kweli Evoque iliingiza fedha wakati kampuni ikizihitaji sana. Ford ilikuwa imeziuza Jaguar na Land Rover kwa Tata ya India mwaka 2008 kwa dola bilioni 2.3, katikati ya msukosuko wa fedha duniani, na wapo waliodhani Tata imenunua jeneza. Mwanafunzi wangu wa pili ana haki hapo: bila magari ya namna hiyo huenda tusingekuwa na chapa ya kubishania. Hata hivyo jina ni deni. Unapoliandika kwenye gari lisiloweza kulilipa, atakayedaiwa ni mtu mwingine, mahali pengine.

Niliwahi kukutana na huyo anayedaiwa. Miaka michache iliyopita nilikuwa nikikagua wanafunzi walio katika mafunzo kwa vitendo, nyanda za juu kusini, masika yakiwa yamekolea. Taasisi moja ilitupa lifti katika gari jipya lenye kimo, kereti juu ya paa na tairi la akiba lililoning'inia mlangoni kama ngao. Nyuma tulibeba makasha mawili ya chanjo ya zahanati. Dereva alikuwa mzee aliyetumikia wilaya ile tangu enzi za Land Rover 109. Tulipoiacha lami alipunguza mwendo, akalitazama tope, akanitazama mimi.

"Mwalimu, hili gari lina sura ya porini, lakini roho yake ni ya teksi."

"Si ni fowili, mzee wangu?"

"Imeandikwa nyuma. Chini haipo."

Kilometa nne kabla ya zahanati magurudumu ya mbele yalizunguka hadi tope likafika kwenye bampa, na ya nyuma yakatulia kama watazamaji. Chanjo zilifika kwa bodaboda, makasha yakiwa yamefungwa kwa mpira wa tyubu, muuguzi wetu mwanafunzi akiyashikilia kwa mikono yote miwili. Baadaye nilimuuliza ofisa mmoja jinsi gari lile lilivyochaguliwa. Akasema maombi yaliandikwa "gari kubwa la kifowili," na lililoletwa lilifanana na maneno hayo, tena kwa bei nafuu. Sikumlaumu sana. Chapa hufanya kazi hiyo hasa: humwondolea mnunuzi shida ya kuuliza maswali. Kama sura ya ushupavu inauzwa kando na ushupavu wenyewe, mtu wa zabuni atanunua sura, na akinamama waliokaa kwenye benchi la zahanati ndio watakaotambua tofauti.

Wamarekani wa Jeep walilitambua tatizo hili wakalitafutia dawa ya kuchekesha kidogo. Waliunda nembo maalumu ya kubandikwa ubavuni mwa magari yao yaliyofuzu majaribio ya njia mbaya, na Compass ya kwanza, iliyoingia sokoni kama toleo la 2007, ikauzwa bila nembo hiyo. Yaani kulikuwa na Jeep, na kulikuwa na Jeep iliyothibitishwa kuwa Jeep. Sisi wa vyuo vikuu tusicheke kwa sauti kubwa. Tunafungua programu za jioni na matawi ya mikoani ili ada zake zilipie maabara za kemia, kisha tunaulizana kwa kunong'ona kama shahada ya tawini ni sawa na ya kampasi kuu. Programu za jioni haziniudhi; nimefundisha humo, na baadhi ya wanafunzi wangu bora walitoka huko wakiwa wamechoka na kazi za mchana. Kinachoniudhi ni maabara kubaki bila vitendanishi baada ya ada kukusanywa.

Na hapo ndipo ninapoiona dhambi halisi ya Land Rover. Tarehe 29 Januari 2016 Defender ya mwisho ilitoka Solihull. Sheria za moshi na usalama zilikuwa zimeibana, hilo halibishaniwi. Mrithi wake alioneshwa Septemba 2019, akawekewa kiwanda Nitra, Slovakia. Ni gari lenye uwezo mkubwa sana kwenye njia mbaya, nisilionee. Lakini bei yake, kompyuta zake na viti vyake vinamlenga mtu mwingine kabisa. Bwana shamba hayumo katika hesabu. Wakati huohuo tajiri wa Kiingereza Jim Ratcliffe aliamua kutengeneza gari lenye roho ya lile la zamani, akaliita Grenadier kwa jina la baa moja ya London. Kampuni ilitaka umbo la Defender lisajiliwe kuwa alama yake ya biashara, na mwaka 2020 Mahakama Kuu ya Uingereza ikakataa: umbo lile halikuwa la kipekee kiasi hicho. Tazameni basi. Waliacha kutengeneza kitu, kisha wakaenda mahakamani kudai kivuli chake. Mwaka 2023 kampuni ikatangaza kwamba Range Rover, Defender na Discovery zitasimama kama chapa zinazojitegemea, na jina la Land Rover libaki nyuma kama muhuri wa kuaminisha. Freelander haikufanya hilo. Lilifanywa na magari makubwa, ya ghali, yaliyopanda juu hadi yakaona aibu kumtaja baba yao mkulima.

Sisi tuna ushahidi wetu wa nyumbani kuhusu uzimuaji unaotoka juu. Baada ya uhuru, wananchi waliwaita vigogo "wabenzi," kwa kuwa walitambulika kwa Mercedes-Benz zao. Baadaye zamu ikawa ya Land Cruiser VX, na wananchi wakaipa jina la shangingi, neno ambalo halikuanza kama sifa. RAV4 haikuichafua Land Cruiser machoni pa Mtanzania hata siku moja. Iliyoichafua ni Land Cruiser yenyewe, ile yenye vioo vyeusi inayongurumisha injini nje ya ukumbi wa semina ili kiyoyozi kisizime, huku mkonga wa wilaya ukiwa umepandishwa juu ya matofali kwa kukosa matairi. Gari lilelile, jina lilelile, hazina ileile ya umma. Mwanaharakati anayepiga picha ya shangingi na kuiweka mtandaoni anajadili chapa bila kujua, na anaijadili vizuri kuliko idara nyingi za masoko.

Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha la Land Rover, na magari yalitoka pande nyingi za nchi. Nilitazama picha zake kwa muda mrefu. Mengi ya magari ya aina hiyo yaliyobaki kwetu yamekwisha kubadilishwa injini na mafundi wa mitaani, ndani yake mna Isuzu au Nissan, na springi zake zimetoka kwenye lori. Msafishaji wa chapa angesema zimezimuliwa hadi hazina ladha. Lakini zinafika.

Kwa wasomaji wangu walio serikalini, mnapoandaa zabuni ijayo, andikeni kimo cha tumbo la gari kutoka ardhini. Andikeni magurudumu mangapi yanavuta, na kama zipo gia za chini. Andikeni kwamba spea zipatikane wilayani, si Dar es Salaam tu. Nafasi ya jina la chapa iacheni wazi, kisha mwiteni dereva aisome karatasi kabla mkurugenzi hajaitia saini.