Mtoto Aanzapo Kupenda

Sisi ni wazazi wa Usevya. Liko jambo ambalo wazazi wengi hulijua lakini hawalisemi, nasi twapenda kulieleza kama lilivyo nyumbani mwetu.

Binti yetu amefika miaka 14. Tangu mavuno ya mpunga yaliyopita tumeona amebadilika. Huenda kisimani mara mbili pale ambapo mara moja ingalitosha. Kioo kilichokuwa cha watu wote sasa ni chake. Na kijana mmoja wa kwaya akitajwa wakati wa chakula, yeye huinamisha kichwa na kula upesi. Hakuna aliyetuletea habari, wala hakuna ovu lililotendeka. Lakini jicho la mzazi halingoji mjumbe.

Tukisema kweli, neno la kwanza lililotujia ni furaha. Tulitazamana tukacheka, maana sisi nasi tulikuwa hivyo hivyo, na kama tusingalikuwa hivyo, nyumba hii isingalikuwapo. Neno la pili ni huzuni: aliyezoea kumsimulia mama yake kila kitu, sasa analo neno lake mwenyewe, wala hatugawii. La tatu ni hofu.

Na hofu hii si ya bure. Uchunguzi wa serikali wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba katika Mkoa wa Katavi, kati ya wasichana 100 wenye miaka 15 hata 19, wasichana 45 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa na mimba. Kwa nchi nzima walikuwa 27. Wakati ule hakuna mkoa uliotuzidi. Wengine shule yao i mbali, hata hupanga chumba na kukaa bila mtu mzima. Tena baada ya mavuno fedha huonekana mikononi mwa vijana, na mwenye pikipiki hakosi njiani kumwita binti ampakie.

Sheria imejitahidi. Tangu mwaka 2016, amtiaye mimba mwanafunzi aweza kufungwa miaka 30. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilikubaliana na Mahakama Kuu kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, vilivyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18, havipatani na Katiba. Na mwezi wa Novemba 2021 serikali iliruhusu msichana aliyezaa arudi shuleni. Twashukuru sana. Lakini sheria haiwezi kuketi jikoni jioni pamoja na binti na kumwambia kwamba kupenda si aibu, ila kuna wakati wake.

Basi, nani amwambie? Zamani kazi hiyo ilikuwa ya bibi. Sote twajua utani wa wazee: babu humwita mjukuu “mke wangu”, na bibi humwita “mke mwenzangu”. Watu hucheka, lakini utani huo ulikuwa mlango. Mtoto alipata kumwuliza bibi yale asiyothubutu kumwuliza baba, wala mzazi hakuvunjiwa heshima. Leo bibi wa binti yetu yu mbali, safari ya siku nzima. Heshima imebaki, lakini mlango umefungwa. Ndipo mtoto huenda kuwauliza wenzake, nao hawajui zaidi yake.

Kwa hiyo tulipatana hivi: mama aseme na binti wakati wa kupepeta mchele, mikono ikiwa kazini na macho yasikutane, na baba aseme na kaka yake, mwenye miaka 16. Maana wengi humlinda binti na kumwacha mvulana, kana kwamba mimba huletwa na upepo.

Kijana alisikiliza, akaitikia, akaomba ruhusa aende zake. Binti alinyamaza hata ungo wa tatu, kisha akauliza, “Mama, wewe na baba mlianzaje?” Mama hakuwa amejiandaa kwa swali hilo. Alimweleza yote: barua, miaka miwili ya kungojana, na posa. Jioni ile baba alitazamwa na binti yake kwa namna mpya, akaona haya.

Hatusemi kwamba hofu imetutoka. Twamwombea kila siku, na hesabu ile ya 45 twaikumbuka. Lakini tumeona kwamba mtoto aliyekatazwa tu hujifunza kuficha, bali aliyeelezwa hujifunza kuuliza. Basi wazazi wenzetu, na ninyi waalimu, haya zetu tuzimeze mapema. Kama bibi yu mbali, yatupasa sisi tuketi penye kigoda chake.