Malkia na Ustane: Sifa na Dosari za Riwaya Moja

Wengi wetu tulio walimu wa Kiswahili twamjua H. Rider Haggard kwa tafsiri ya Mashimo ya Mfalme Sulemani. Wachache zaidi wamesoma She, riwaya yake ya mapenzi na miujiza iliyotoka kuwa kitabu mwaka 1887. Mimi huirudia kila baada ya miaka michache, na kila mara huniachia furaha na uchungu kwa pamoja. Hakuna masika yasiyo na mbu. Basi na tuipime kwa haki.

Kisa chenyewe ni hiki. Holly na Leo, kijana aliyemlea, wanatoka Uingereza hadi pwani ya mashariki ya Afrika, wakifuata maandishi ya kigae cha kale. Barani wanamkuta malkia Ayesha, aliyeishi miaka elfu mbili akimngoja Kallikrates, mpenzi aliyemwua kwa mkono wake mwenyewe kwa sababu ya wivu. Amwonapo Leo, anaamini kwamba marehemu amerudi.

Sifa ya riwaya hii ni ukuu wa fikira zake. Miujiza yake inabeba swali zito: pendo lisilokufa ni neema au ni adhabu? Moto uliompa Ayesha uzima ndio unaomnyausha na kumwua anapouingia mara ya pili. Sijui mahubiri juu ya kiburi yanayoshinda ukurasa ule.

Dosari ya kwanza ni picha ya Afrika. Wenyeji wa nchi ile wamechorwa kuwa wala watu, na magofu ya mji wa Kôr wamepewa watu wa kale waliotoweka. Dhana ya namna hiyo iliwahi kuzushwa juu ya Zimbabwe Kuu, mpaka uchimbaji wa Gertrude Caton-Thompson wa mwaka 1929 ulipoonyesha kuwa ni kazi ya Waafrika wenyewe.

Dosari ya pili yanigusa zaidi, kwa kuwa wanafunzi wangu wamefikia umri wa kupenda. Ustane, msichana wa nchi ile, alimchagua Leo kwa desturi ya kwao, ambako mwanamke ndiye achaguaye mume. Akamwuguza alipokuwa mahututi. Malkia alipomwamuru aondoke, alijibu bila kutetemeka kwamba huyu ni mumewe. Alifukuzwa, akarudi, akauawa. Na maiti yake ingali pale, Leo akashindwa na uzuri wa yule aliyemwua. Aibu aliiona, lakini hadithi haikusimama kumlilia Ustane. Iliendelea na safari ya malkia.

Kwa maoni yangu, Haggard alimwumba mpenzi wa kweli kisha akampita njiani. Pendo la Ayesha lina nguvu nyingi, ila halimwachii mwingine nafasi ya kukataa. Pendo la Ustane halina silaha yoyote, nalo ndilo lililokubali kufa.

Je, tukifungie kitabu hiki kabatini? La, hasha. Tukisome pamoja na vijana wetu, kisha tuwape zoezi la insha: andika utetezi wa Ustane mbele ya malkia, kwa Kiswahili fasaha. Wasichana, hasa, hawatakosa la kusema.