Chupa Hupimwa Bafuni

Kwa zaidi ya nusu ya umri wangu nimechora vyombo ambavyo mtu huvishika akiwa hana nguo, macho ameyafumba na mikono imejaa povu. Chupa za shampuu, makopo ya mafuta ya mgando, losheni, sabuni ya maji ya kuogea. Mtu anaponunua kopo dukani hawazi kwamba kuna mwenzake aliyekaa akapima vidole vya watu ili kujua mdomo wa kopo lile uwe na upana gani. Kazi hiyo nimeifanya mimi, pamoja na mafundi moldi, wakemia na wapanga maboksi wa ghalani, na nimeipenda kuliko kazi nyingine yoyote niliyowahi kupewa.

Nimezaliwa Tanga, nikakulia Ngamiani kwenye nyumba ya kupanga yenye bafu moja uani. Kila mpangaji aliingia bafuni na beseni lake: sabuni, dodoki, mswaki, khanga ya kujifutia. Akitoka alitoka na kila kitu, kwa sababu ukisahau sabuni yako mle ndani usitarajie kuikuta. Sabuni yenyewe ilikuwa ya mche. Mwenye duka aliikata kwa kisu, akakifunga kipande kwa gazeti, na hadi unafika nyumbani wino ulishahamia kwenye sabuni. Vitabu vya vifungashio nilivyokuja kuvisoma baadaye vilimchukulia mtumiaji kuwa mtu aliyesimama chini ya shawa, mbele ya rafu yenye chupa zilizopangwa wima. Watu wetu wengi sana huoga kwa ndoo na kata. Bafuni hamna rafu. Chupa husafiri ndani ya beseni, ikilazwa, ikipinduliwa, ikigongana na mswaki. Kifuniko kinachovuja chupa ikilazwa ni kibovu kwetu, hata kama huko kilikobuniwa kinasifiwa.

Kiwanda cha kwanza kuniajiri kilikuwa barabara ya Pugu, Dar es Salaam, katikati ya miaka ya 1990, nami nimetoka chuo cha ufundi juzi tu. Nilipangiwa kukagua chupa zinapotoka kwenye mashine ya kupuliza. Chembe za plastiki huyeyushwa, zikasukumwa na kushuka zikiwa bomba laini la moto. Pande mbili za moldi, yaani kalibu ya chuma, hulibana bomba hilo, hewa ikapulizwa ndani, plastiki ikatanuka hadi kugusa chuma baridi na kuganda. Ukikaa mbele ya mashine hiyo zamu nzima unaelewa kwa nini pembe za chupa ni za kuogopwa. Plastiki hulazimika kunyooka zaidi ili kufika pembeni, na pale ndipo inapokuwa nyembamba kuliko kwingine kote.

Fundi mkuu wetu alikuwa mzee mpole asiyeamini michoro. Nikimpelekea chupa mpya na kumwamkia, aliitikia, akaichukua, akaipasua kwa msumeno kutoka mdomoni hadi kitakoni. “Binti,” aliniambia, “chupa usiipende kwa macho. Ipasue kwanza.” Kisha alinipa kipimo nipime unene wa ukuta begani, ubavuni, pembeni, na kwenye ule mshono wa chini ambapo moldi imebana. Mpaka leo mtu akiniletea sampuli, naomba mbili: moja ya kutazama na moja ya kupasua.

Niliujua umuhimu wa somo hilo mteja mmoja aliporudisha shehena ya sabuni ya maji kutoka nyanda za juu. Maboksi yalikuwa yamelowa. Chupa hazikuwa zimepigwa wala kuangushwa, lakini kila iliyovuja ilikuwa na mpasuko mwembamba kama unywele kwenye pembe ya kitako. Sabuni ndiyo iliyofanya kazi hiyo. Plastiki ile nyeupe isiyopenya mwanga, yenye namba 2 chini ya chupa, ina tabia hiyo: ikiwa chini ya msongo, tuseme imebebeshwa maboksi mengine juu yake, na ndani yake mna sabuni, hupasuka kwa nguvu ndogo sana kuliko ambayo ingehitajika kama ndani mngekuwa na maji matupu. Zipo chembe za plastiki hiyo hiyo zinazotengeneza chupa nzuri kabisa ya maziwa na ambazo hazifai hata kidogo kwa sabuni. Kwa jicho huwezi kuzitofautisha. Tangu hapo hatukuruhusu chupa ya sabuni itoke kiwandani kabla nyingine za aina yake hazijajazwa sabuni yenyewe na kufungiwa kwenye chumba cha joto la nyuzi 60, na pembe zote nilizichora za mviringo. Wauzaji walilalamika kwamba chupa ya mviringo haina sura ya kisasa. Niliwaonyesha boksi lililolowa.

Mafuta ya mgando yalinifundisha mengine. Hujazwa koponi yakiwa ya moto na majimaji, yakipoa hujikunja, na kama yamejazwa yakiwa na moto mwingi mno hubaki na shimo katikati. Mama anayefungua kopo jipya na kukuta shimo huamini kwamba ameibiwa, na hakuna maelezo ya mkemia yatakayombadilisha. Kwa hiyo tulishusha joto la kujazia na kuyaacha makopo yapoe taratibu kabla ya kufungwa. Kopo lenyewe lilikuwa na kasoro kubwa zaidi. Lilikuwa na bega kwa ndani, yaani mdomo mwembamba kuliko tumbo, na chini kulikuwa na kona kali. Kidole hakifiki chini ya bega, wala hakiingii kwenye kona. Mafuta yanayobaki humo mnunuzi ameshayalipia.

Nilichora kopo lisilo na bega, mdomo sawa na tumbo, na sakafu yake ikakunjwa mviringo kwa ndani ili ncha ya kidole ipite pote. Kuna jambo jingine lililonisukuma. Kopo la mafuta kwetu halitupwi. Likiisha huoshwa kwa maji ya moto na majivu, likawekwa sindano na nyuzi, chumvi, iliki, sarafu za nauli. Mchoraji asiyeyajua maisha hayo ya pili anatengeneza takataka mahali ambapo angeweza kutengeneza chombo. Kopo lile liliuzika, na najivunia kusema kwamba nimelikuta jikoni kwenye nyumba nyingi ambazo mafuta yake yalikwisha zamani.

Chupa ya losheni ni ngumu zaidi, kwa sababu losheni nzito hung’ang’ania ukutani. Nimezikuta chupa zimekatwa katikati kwa kisu, nusu ya juu imevishwa nusu ya chini iwe kifuniko, na mtu anaendelea kuchota kwa kidole wiki nzima. Anayefanya hivyo anamwambia mchoraji jambo la kusikilizwa. Dawa yake si ngeni: bega la chupa liteleze kuelekea mdomoni, na kifuniko kiwe kipana na bapa ili chupa isimame kichwa chini. Gharama inayoongezeka ni ya plastiki ya kifuniko. Nimewahi kukalishwa kwenye kikao na meneja wa mauzo aliyeuliza waziwazi kwa nini tumsaidie mteja kumaliza chupa, wakati asipoimaliza atanunua nyingine mapema. Nilimjibu kwamba mnunuzi wa Mbagala au Buguruni anaijua hesabu hiyo kuliko sisi, na atahamia kwa anayemheshimu.

Nilipopewa cheo cha kusimamia ubunifu, jambo la kwanza nililoomba lilikuwa bafu. Walinipa stoo ndogo nyuma ya karakana. Tukaweka ndoo, kata, beseni na bomba, tukazima taa. Hapo ndipo vifuniko vyetu vilipopimwa. Nilimwita mama anayefanya usafi ofisini, mlinzi wa usiku ambaye vidole vyake vimepinda kwa baridi yabisi, vijana wa upakiaji wenye mikono minene. Kila mmoja alipaka mikono sabuni kisha akafungua. Kifuniko cha kuzungusha kinachofunguka vizuri mezani hugeuka kuwa mateso mkono ukiteleza, hasa kikiwa kidogo na laini ubavuni. Kile cha kubonyeza upande mmoja kikainuka upande wa pili kilikuwa chepesi kwa wengi, lakini mlinzi alishindwa kukipata upande wa kubonyeza gizani. “Mwanangu,” alisema, “niwekee hata shimo la kidole nijue ni wapi.” Tuliliweka. Ni kijibonde chenye upana wa ncha ya dole gumba, na wateja wazee walikitaja kuliko rangi, harufu au jina la bidhaa.

Kuhusu vipakiti vidogo nimebadilika kadiri miaka ilivyokwenda. Wazo la kuuza shampuu ya kuoshea nywele mara moja lilikuzwa India, Tamil Nadu, na Chinni Krishnan, na miaka ya 1980 mwanawe C. K. Ranganathan akalifikisha vijijini kwa shampuu ya Chik. Nalielewa na ninaliheshimu. Msichana mwenye shilingi chache anayejiandaa kwenda harusini anastahili shampuu nzuri kama mwenye kununua chupa kubwa. Lakini kipakiti kimetengenezwa kwa matabaka yaliyogandishwa pamoja, plastiki na aluminiamu na plastiki tena, na hakuna anayeweza kuyatenganisha kwa bei yenye maana. Tembea na waokota chupa wa Dar es Salaam uone wanachokiinamia. Chupa ya maji wanaiokota, chupa nyeupe ya sabuni wanaiokota haraka zaidi, kipakiti wanakikanyaga. Katazo la mifuko ya plastiki la Juni 1, 2019 lilihusu mifuko ya kubebea. Vifungashio vya bidhaa za viwandani havikuguswa, na mitaro inaonyesha hivyo kila masika. Nimeamua sichori tena vipakiti. Anayetaka kumuuzia maskini kidogo kidogo namchorea chupa ndogo imara inayorudishwa dukani na kujazwa, na nimepoteza wateja kwa msimamo huo.

Miaka ya karibuni nafanya kazi zaidi na wajasiriamali wadogo, wengi wao akina mama waliojifunza kutengeneza sabuni kwenye mafunzo ya vikundi na ya SIDO, shirika la viwanda vidogo. Sabuni yao mara nyingi ni nzuri. Kinachonitisha ni chupa za maji ya kunywa zilizotumika, zikajazwa sabuni ya maji yenye rangi ya machungwa au ya kijani, bila lebo, zikawekwa sakafuni. Mtoto wa miaka mitatu ataidhani juisi. Ninawasihi wanunue kwa pamoja chupa nyeupe zisizoonyesha rangi ya ndani, na kifuniko chenye tundu dogo ambacho hakifanani na cha maji. Lebo iwe ya plastiki, maana ya karatasi huvuka ngozi siku ya pili ikilowa. Iandikwe kwa Kiswahili, herufi kubwa, ikisema ni sabuni, ni ya nini, imetengenezwa lini na mtoto asiifikie.

Nimebakiza jambo ninalolipigania sasa. Mwalimu mmoja asiyeona, aliyekuja kiwandani kupitia rafiki yangu, aliniambia anavyooga. Shampuu na losheni ya nywele huuzwa katika chupa pacha, kwa sababu kiwanda hutumia moldi moja na kubadilisha lebo tu. Yeye huvisha mpira wa kufungia noti kwenye ile ya shampuu. “Ila mpira ukilowa unateleza, dada,” alisema, “basi naoshea nywele losheni, na maji ya ndoo yameshaisha.” Nilimpa chupa zetu mbili azishike. Alizirudisha bila neno, maana hazikuwa na tofauti yoyote.

Jibu lilikuwepo zamani. Mwaka 1991 kampuni ya Kao ya Japani ilianza kuweka mistari midogo ya kuinuka ubavuni mwa chupa za shampuu, na kuacha chupa ya losheni ya nywele ikiwa laini. Haikujifungia haki ya alama hiyo. Iliwaachia washindani wake waitumie, nao wakaitumia. Alama hiyo iliingizwa kwenye viwango vya Japani mwaka 2000, na mwaka 2011 likatoka toleo la kimataifa la ISO kuhusu vifungashio vinavyofikika na watu wote. Haiwasaidii wasioona peke yao. Kila mwenye povu kichwani hafungui macho.

Kiufundi ni jambo dogo kuliko watu wanavyodhani. Kutia bonde kwenye chupa kunataka kuongeza chuma ndani ya moldi, na hiyo ni kazi ya gharama. Kuinua mstari kunataka kuchonga tu: fundi anaondoa chuma, plastiki inajaza mchongo. Wenzangu wenye viwanda wa Dar es Salaam, Arusha, Nairobi na Kampala, mkiagiza moldi mpya ya shampuu, mwambieni fundi aichonge mistari hiyo pande zote mbili, na ile ya losheni ya nywele muiache laini. Hakuna wa kumlipa kwa wazo hilo, na kazi yake humalizwa kabla moldi haijafungwa kwenye mashine.