Chumvi, Jasho na Saumu: Tezi Ndogo Iliyokaa Juu ya Figo



Ndugu wasomaji, kila Ramadhani inapokaribia, wazazi wa madrasa yetu hapa Kamembe huniletea maswali ambayo hayamo katika vitabu vya fiqhi. Kijana anayeshuka Bugarama kulima mpunga atawezaje kufunga na joto lile? Je, ni kweli kwamba ukizidisha chumvi kwenye daku hutaona kiu mchana, kwa kuwa chumvi hushika maji? Mimi ni mwalimu wa dini, si daktari. Lakini nina shemeji muuguzi, na vitabu vyake vya chuo vimehamia kwenye rafu yangu. Haya ninayoyaandika nimeyasoma humo, naye ameyapitia.

Anayesema chumvi hushika maji hakukosea, ila ameshika nusu ya habari. Mwilini, chumvi inakokwenda maji hufuata. Ikitoka kwenye mkojo au jasho, hutoka na maji yake, damu hupungua wingi, presha hushuka, na mtu husikia kizunguzungu akisimama. Kwa hiyo lazima pawe na kitu cha kuamua chumvi kiasi gani ibaki na kiasi gani itoke.

Juu ya kila figo kuna tezi ndogo iliyokaa kama kofia, uzito wake gramu nne au tano tu. Tabaka lake la nje hutengeneza homoni iitwayo aldosteroni. Walioitenga kwa mara ya kwanza, mwaka 1953, ni Sylvia Simpson na James Tait wa London pamoja na wenzao wa Basel, Uswisi.

Sasa tazameni hesabu hii, mimi mwenyewe niliirudia mara mbili. Figo zetu huchuja takriban lita 180 za maji ya damu kwa siku, na ndani yake kuna chumvi ya karibu kilo moja na nusu. Karibu yote hurudishwa kwenye damu. Aldosteroni husimamia sehemu ya mwisho tu, kama mbili au tatu katika mia. Utasema ni kidogo. Lakini sehemu mbili katika mia za kilo moja na nusu ni gramu 30, chumvi ambayo mtu mwenye kiasi angeila kwa siku kadhaa. Hiyo ikipotea kila siku, mtu hafiki mbali.

Figo zenyewe ndizo zinazopiga hodi. Zikiona damu inayozifikia imepungua nguvu, hutoa kimeng'enya kiitwacho renini. Hicho huanzisha mfululizo unaopita hata kwenye mapafu, na mwisho wake tezi huamrishwa kutoa aldosteroni. Homoni ikifika kwenye figo husema: rudisheni chumvi, toeni potasiamu. Kazi hii huanza kuonekana baada ya saa moja hivi, si papo hapo.

Turudi kwa mkulima wetu. Kamembe iko karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na upepo wa Kivu hutupoza. Bugarama iko chini sana kuliko sisi, kwenye bonde lenye joto kuliko karibu pote Rwanda. Mtu wa kwetu akishuka kule na kufanya kazi nzito, siku za mwanzo anaweza kupoteza kwa jasho gramu 15 hadi 30 za chumvi kwa siku. Akikaa wiki nne hadi sita, hushuka hadi gramu tatu hadi tano, ijapokuwa jasho lenyewe huongezeka. Aldosteroni imefika kwenye tezi za jasho pia na kuziambia zirudishe chumvi. Ndiyo maana mwenyeji wa Bugarama hufunga na kuvuna mpunga, na mgeni wa juzi huanguka shambani. Huyo mgeni si mlegevu wa imani, mwili wake haujapata muda. Basi mzazi asimpeleke kijana bondeni kwa mara ya kwanza katika Ramadhani. Ampeleke mwezi mmoja kabla, au amwache abaki.

Na daku yenye chumvi nyingi? Hapana. Ukila sambaza waliokolezwa chumvi ukanywa kikombe kimoja cha maji, damu yako inakuwa nzito kwa chumvi. Ubongo huonja hali hiyo, huleta kiu, na hutoa homoni nyingine, siyo hii, inayoamrisha figo zishike maji. Wakati huohuo aldosteroni hupungua kwa sababu chumvi ipo tele, na chumvi ya ziada hutoka kwenye mkojo pamoja na maji uliyokuwa ukiyategemea. Kufikia adhuhuri ulimi umekauka. Sambaza kidogo, maharage, ndizi, na maji kwa wingi kabla ya alfajiri, hiyo inatosha kwa mchana wetu wa saa kumi na tatu na kitu.

Maharage, ndizi na viazi vitamu vya kwetu vina potasiamu nyingi na chumvi kidogo, na mwili huu umejengwa kuhifadhi chumvi iliyo adimu. Taabu huja chumvi inapokuwa rahisi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1990 uliwafuatilia Wajaluo waliotoka vijijini magharibi mwa Kenya kwenda kuishi Nairobi. Presha zao zilipanda mapema baada ya kuhamia mjini, na mkojo wao ulionyesha chumvi zaidi na potasiamu pungufu. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu tano za chumvi kwa siku, yaani kijiko cha chai. Akina mama, hesabuni na vile vidonge vya mchuzi.

Wengine tezi yao hutoa aldosteroni kupita kiasi bila kuamrishwa. Daktari wa Marekani, Jerome Conn, alieleza ugonjwa huo mwaka 1955. Mzee wenu akimeza dawa tatu za presha na haishuki, muulizeni daktari kuhusu homoni hii, maana ipo dawa ya kuizuia.

Ila kilichonifanya nisome haya ni kinyume chake. Miaka michache iliyopita nilikuwa na mwanafunzi wa miaka kumi na tisa, aliyewahi kuugua kifua kikuu akamaliza dozi. Katika siku za mwanzo za Ramadhani alishindwa kuinuka kutoka kwenye sijda. Wenzake walimwita mvivu. Mzee mmoja alisema ni jini, asomewe. Kisomo hakina ubaya, wala hakigombani na hospitali. Mama yake alikuja mlangoni kwangu akasema, "Mwalimu, mwanangu analamba chumvi. Nikificha kopo analitafuta." Akaongeza kuwa amekonda, na fizi zimekuwa nyeusi, hata mistari ya viganja.

Nilimpigia shemeji simu. Alisema, "Mpelekeni leo, msingoje kesho."

Alipelekwa, akatumwa Kigali. Tezi zake zilikuwa zimeliwa na kile kifua kikuu. Daktari wa London, Thomas Addison, aliuandika ugonjwa huu mwaka 1855, na baadhi ya wagonjwa wake walikuwa na kifua kikuu vilevile. Bila aldosteroni chumvi ilikuwa ikimtoka kila saa, na kule kulamba kopo mwili ulikuwa unaomba. Mgonjwa kama huyu akianza kutapika na kuzirai, zimebaki saa chache za kumwokoa kwa sindano na maji ya chumvi mshipani.

Sasa anameza vidonge vya aina mbili kila siku, na kimoja hufanya kazi ya aldosteroni. Hakipatikani kila duka la dawa, hivyo familia huagiza kabla hakijaisha. Daktari alimkataza kufunga, naye alilia. Tulikaa tukasoma aya ya 184 na 185 za Suratul Baqara, neno kwa neno, mpaka akanyamaza. Mwaka uliofuata alikuja na kalamu na karatasi kupiga hesabu ya fidia: maskini mmoja kwa kila siku, mwezi mzima. Mama yake ndiye aliyeuliza kama mchele wa Bugarama unafaa. Nilimwambia, "Unafaa, mama."